Sista Asiyemruka Mtu

Mara ya kwanza nilimpelekea mkono, akaniomba kidole.

Mkono ulikuwa umechanwa na ule mkanda wa bati unaofungia belo la mitumba. Anayefanya biashara yangu anaujua: ukiukata vibaya unaruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Nilikuwa nimejifunga kwa shati la kola, jipya kabisa kwa maana ya mitumba, na njia nzima nililia shati kuliko mkono. Yeye akalifungua bila kulisifu, akatazama kidonda, akamwita daktari kijana aje kushona. Halafu akaniambia kwa sauti ambayo mtu angeitumia kuuliza kama umekula:

"Ukimaliza hapa utaingia chumba kile. Hapa dharura kila anayeingia tunampa nafasi ya kupima VVU na homa ya ini, ile ya C. Tone la damu la kidole tu. Usipotaka, utashonwa vilevile, na uzi uleule."

Mimi bei ya kwanza siikubali, hata ikiwa bure.

"Sista, nimekuja na mkono. Kidole hakikuwemo kwenye mazungumzo."

"Kidole kiko kwenye mkono huohuo."

"Kwani mimi naonekana?"

"Unaonekanaje?"

"Hivyo. Mtu wa hivyo."

Hakucheka. "Hapa hatupimi wanaoonekana, baba. Tunapima wanaoingia. Wewe umeingia?"

Nikautazama mlango. Nilikuwa nimeingia.

Hospitali yenyewe siitaji. Iko huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa zote zinaitumia, inatosha. Na yeye jina simtaji, kwa sababu ukilitaja jina la mtu huku, kabla ya jioni limeshapata mashangazi wawili wanaolidai. Watu wote walimwita Sista. Masista wengine walikuwepo, wazuri tu, lakini ukisema "Sista" kule vijijini Lionja au Matambarale bila kuongeza kitu, mtu hakuulizi yupi. Ukoo wake sikuuchunguza. Niliuliza kabila tu, ili nijue kama ninaruhusiwa kumtukana. Akawa Mmakonde, mimi Mmwera. Tukawa watani palepale, nikiwa bado nina sindano ya ganzi mkononi, na wa kwanza kutukana alikuwa yeye.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba chungu cha moto anayetafuta pa kukitua. Saa aliibana kifuani na pini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo iliyotisha. Ajali ikiletwa, watu wamejaa damu, ndugu wanapiga mayowe, yeye anasema "sogea kidogo, mama" kama yuko foleni ya kisima, na mayowe yanaona aibu.

Sasa, kile chumba. Kilikuwa kidogo, mlango wa mbao, ndani viti viwili, meza na kalenda ya mwaka uliopita. Kila anayeletwa dharura, akishatibiwa na akili zikimrudia, aliingia mle na Sista mlango ukafungwa. Mle ndani ndimo ulimokubali au kukataa. Wa nje hawakujua. Mimi ni mtu wa kuhesabu, na ninachohesabu nakirudia. Siku moja nimempeleka mama yangu na pumu yake, nikakaa kwenye benchi nikijiambia: aliyekataa atatoka haraka, aliyepima atachelewa, mwenye habari mbaya atachelewa zaidi. Nikatega jicho kwenye saa ya ukutani. Akaingia mzee, akatoka. Akaingia kijana, akatoka. Akaingia mama mwenye mtoto. Nikahesabu, nikarudia. Wote sawasawa.

Nikamfuata. "Mtani, hivi wanaokataa huwa mnafanya nini humo ndani muda wote huo?"

"Tunaongea bei ya mihogo."

"Muda wote?"

"Nje huwa kuna watu kama wewe," akasema, "wenye saa."

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kwa heshima. Miaka yote nimejua watu wanaofikiria hatua moja mbele ya mteja. Yeye alikuwa amemfikiria mpaka mpita njia.

Kanuni yake aliisema kwa maneno machache, na sijawahi kusikia aliyeishinda: "Ukimruka mmoja, umemtaja mwingine." Maana yake ni hii. Ukimwacha mheshimiwa kwa sababu ni mheshimiwa, ukamwacha bibi kwa sababu ni bibi, basi yule dada wa baa utakayemuuliza anarudi nyumbani na swali kichwani: kwa nini mimi? Na benchi zima litakuwa limeshamjibu. Lakini wakiulizwa wote, kuulizwa hakusemi kitu. Ni kama kupigwa na mvua. Hakuna anayemuuliza jirani amefanya nini mpaka akanyeshewa.

Na aliwauliza wote. Aliletwa mheshimiwa mmoja, presha imepanda kwenye kikao, amezungukwa na wapambe wanne wanaopepea kwa mafaili. Mpambe mmoja akamvuta Sista pembeni. "Huyu siyo wa kuulizwa mambo hayo." Sista akamjibu, "Na wewe umeingia. Utamfuata yeye." Wapambe watatu wakakumbuka wameacha gari barabarani. Mheshimiwa mwenyewe, niseme ukweli, aliingia chumbani bila neno, akatoka muda uleule wa wote, na kwa nilivyosikia ndani waliongea sana habari ya mihogo au hawakuiongea kabisa. Hakuna ajuaye.

Akaletwa bibi mmoja kutoka Lionja, mkongwe, ametumbukia kwenye shimo la kuvundikia mihogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, kila sentensi ilianza Kimwera ikamalizikia njiani. Sista alipomweleza, bibi akacheka mpaka akashika mbavu zilizoumia.

"Mjukuu wangu, mimi! Nani ananitaka mimi?"

"Bibi, sikuulizi nani anakutaka. Nakuuliza kama unataka kujua."

"Hata mimi nimo?"

"Umo."

Bibi akarudi kijijini, na badala ya kusimulia shimo akasimulia kwamba hospitali wamemuuliza kama wanavyowauliza wasichana. Alilisema kila mahali, kwa majivuno. Alidhani alikwishafutwa, kumbe yumo.

Ni mwendesha bodaboda aliyelitamka lile jambo. Goti lake lilikuwa limechubuka, mdomo wake haukuwa na jeraha lolote.

"Oya Sista, unatuuliza sisi kwa kuwa hatukuhusu. Ngoja aletwe mkweo. Tukuone."

Benchi likacheka, kile kicheko cha watu waliofurahi kwamba mwingine ndiye aliyesema. Sista alikuwa anabandika plasta. Alimaliza kubandika.

"Akiletwa ataulizwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Kwa asiye wa huku nieleze. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaketi mkeka mmoja. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia, mwingine anatazama majani. Wanazungumza kwa kupitia mtu, hata kama wanasikiana vizuri kabisa. Mama mkwe kufungiwa chumba kimoja na mkwewe ni jambo ambalo hata mlevi halisemi. Na kumuuliza mkwe kuhusu magonjwa hayo! Mkwe aliyevunjiwa heshima anaweza kumrudisha mke kwao bila kugomba, na wazee wakaona ana haki. Sista alikuwa na binti mmoja tu. Binti aliuza vitumbua karibu na stendi, na aliolewa na kijana mpole, mchapakazi, ambaye kazi yake ilikuwa bodaboda ya kwenda na kurudi Ruangwa. Bodaboda huulizwi kama utaletwa dharura. Unaulizwa lini.

Kwa hiyo tangu siku ile mjini kote likawa suala linalosubiri. Mnadani watu walibishana. Wengine walisema atajificha chooni siku hiyo. Wengine walisema atamtuma daktari. Mzee mmoja muuza kamba alisema Sista atauliza, ndoa ya mwanawe itavunjika, na hapo ataacha kiburi. Alisema kiburi. Mimi sikuweka dau kwa upande wowote, na nikisema hivyo wanaonijua wanaelewa uzito wake.

Nilimuuliza siku moja kwa nini dharura. Kuna kliniki yenye bango na viti vya plastiki, kwa nini asiwaache watu waende kule wenyewe?

"Mtani," akasema, "mwanaume wa huku haji hospitali. Analetwa. Mimi nimekaa pale anapoletwa."

Nikafikiria. Wanaume wote ninaowajua, nikijitanguliza, tuliletwa. Tumeanguka mikorosho, tumegongwa, tumekatwa na panga la shamba au la shemeji. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akaoga akasema leo naenda kupima.

Na hiyo homa ya ini? Ukimwi kila mtu aliusikia. Hii ya C ilikuwa ngeni, watu wakidhani ni daraja la mtihani.

"Ini ni pole kupita kiasi," aliwaambia benchi. "Linapigwa miaka na miaka, halisemi. Siku likisema, ujue limechoka. Linapata ugonjwa kwa damu. Sindano, wembe. Nyie wote hapa mna chale. Nani anakumbuka ule wembe ulitoka mwilini mwa nani?"

Watu wakajigusa, wengine kifuani, wengine kisogoni. Hakuna aliyekumbuka.

Rafiki yangu mmoja fundi uashi aliangukiwa na tofali, akaletwa, akapimwa, akakutwa nayo. Haya ananipa ruhusa kuyasema, maana mwenyewe anayasema kila msibani mpaka wafiwa wanachoka. Anasema Sista hakumpa pole. Alimwambia, "Kaa. Nina habari, na habari yenyewe ina dawa." Damu ikapelekwa mbali kuthibitishwa. Akapewa rufaa, akamsumbua kila mtu kwa nauli, akameza vidonge miezi mitatu, akapimwa tena, virusi havionekani. Anasema akikumbuka lile tofali huwa anataka kulitafuta alijengee ukumbi.

Usije ukadhani namchora malaika. Sista alikuwa na roho ngumu kwenye mitumba. Nguo za wajukuu alizinunua kwangu, na alikuwa mteja pekee aliyenifanya nitamani kufunga belo nikalime ufuta. Anageuza shati nje ndani, analinyoosha juani, anapitisha kucha kwenye mshono.

"Hili lina doa."

"Hilo la kiwandani, mtani."

"Kiwanda gani kinakula mchuzi?"

Na aliogopa kuku. Mtu aliyeshika mfupa uliotokeza bila kukunja uso, wagonjwa walipomletea kuku wa shukrani alipanda juu ya benchi. Ndugu wa mgonjwa wakamfukuza kuku, kuku akaingia chumba cha sindano, kazi ikasimama.

Umbeya pia alikuwa nao. Nani anaoa, mbuzi wa nani amekula mihogo ya nani, mchungaji na shehe walibishania nini kuhusu kisima. Alijua yote na aliyasema yote, kwa madoido. Lakini umbeya wake ulikuwa na ukuta katikati, na upande wa pili wa ukuta hakuna aliyewahi kusikia hata kikohozi. Pale mnadani alimsalimia kila mtu kwa maneno yaleyale: "Habari za hapa, mko salama?" Muuza samaki wakavu, polisi, mtoto, kichaa wa stendi. Hakuongeza na hakupunguza. Ndugu zake walilalamika kwamba anawasalimia kama wageni. Neno "unaendeleaje" halikutoka mdomoni mwake nje ya hospitali. Nilikaa muda mrefu kabla sijaelewa: akimuuliza mmoja "unaendeleaje", wenye masikio wanaanza kujumlisha.

Kuna wakati vipimo vya homa ya ini vilipungua. Daktari kijana, mwenye akili na moyo mzuri, akasema tuchague, tuwape wenye dalili na wale wa hatari zaidi. Sista akakataa. Kwa siku zile hakuna aliyepimwa homa ya ini. Aliwaambia wote kwamba vimekwisha, warudi. Waliorudi walikuwa wachache. Daktari alimkasirikia, na mimi nilikuwa upande wa daktari. Nilimwambia: mtani, robo ya kitu ni zaidi ya kukosa, hata mtoto anajua.

"Ukichagua leo," akasema, "kesho niliyemchagua haji hata akivunjika shingo."

"Na huyu wa leo aliyeondoka nayo bila kujua?"

Kalamu ilikuwa mkononi, akaizungusha. "Huyo naondoka naye," akasema. Sijui mpaka leo kama alikuwa sahihi. Najua kwamba alimbeba kweli, maana wiki ile hata kwenye mashati alikosea, akachukua lenye doa.

Watu walitaka kujua kwa nini ameshikilia jambo hili hivi. Lazima kuna kisa, walisema, kuna ndugu alikufa, kuna mume. Nilimuuliza mara tatu, kwa nyakati tofauti, maana muuzaji akitoa bei tatu ndipo unapoijua ya kweli. Mara ya kwanza alisema ndivyo mwongozo unavyotaka. Mara ya pili alisema yeye ni mvivu, kuuliza wote ni rahisi kuliko kukaa kumtazama kila mtu ukimpima kwa macho. Mara ya tatu alisema, "Kwa sababu na wewe uliuliza kama unaonekana." Nimezigeuza bei zote tatu, juani, nje ndani. Sijaona mshono.

Msimu wa ufuta uliopita nilikuwa natoka Matambarale na belo langu nyuma ya bodaboda. Mbele yetu alikwenda yule mkwe wa Sista, hana abiria. Mbuzi akakatiza. Kijana akamkwepa mbuzi, akalipata korongo. Tulipomfikia alikuwa amelala chini ya pikipiki, mguu umepinda kwa namna ambayo mguu haupindi, paji la uso limepasuka, yuko macho.

"Nipelekeni," akasema. Halafu akakumbuka ni wapi anapopelekwa. "Nani yuko zamu?"

Mimi na dereva wangu tukatazamana. Nililiacha belo kwa mtu nisiyemjua. Tukaomba gari la mbao, tukamlaza juu ya mbao.

Ilikuwa mchana, benchi limejaa. Tulipoingia naye, Sista alikuwa anatoka chumba cha dawa anasukuma kitoroli. Akaona. Akashusha macho palepale, akageuka, akatupa mgongo. Kijana naye juu ya machela akajifunika uso kwa mkono. Benchi zima likaacha kukohoa. Hata mtoto mmoja aliyekuwa analilia sindano akanyamaza, akitazama kila mtu anatazama nini.

Daktari kijana akakimbilia mguu. Damu ikazuiwa, mguu ukafungwa mbao, paji likashonwa. Muda wote Sista alitoa vifaa kwa kunyoosha mkono nyuma, hageuki, na kila kilichotakiwa kilikuwa kwenye kiganja chake kabla daktari hajakitaja. Kisha hakukubaki kazi ya kufanya kwenye mwili wa yule kijana, isipokuwa ile moja.

Daktari akamsogelea. "Sista, huyu niachie mimi."

"Kupima, akitaka, utampima wewe. Majibu utampa wewe. Kuuliza nauliza mimi."

"Utaingiaje naye mle?"

"Siingii."

Machela ikasukumwa mpaka kwenye kile chumba. Sista akafungua pochi yake, akatoa kanga, akajifunika kichwa na mabega, gauni jeupe likapotea. Akachukua kigoda, akakiweka nje ya kizingiti, akaketi mgongo umeelekea ndani. Hakuwa nesi tena wala hakuacha kuwa nesi. Akaniita.

"Mtani, simama hapa mlangoni. Leo nakuazima mdomo. Masikio yako yaache kwako."

Nikasimama. Kijana alikuwa hatua chache kutoka kwake, anasikia kila kitu, na anasubiri nimwambie.

"Mwambie baba aliyelala humo, namsalimu, nampa pole."

"Baba," nikasema, "mama anakusalimu, anakupa pole."

"Mwambie mama nimepokea. Shikamoo yake."

"Mama, shikamoo yako."

"Marahaba. Mwambie baba, hapa dharura kila anayeingia anapewa nafasi ya kupima VVU na homa ya ini ya C. Mwambie anaweza kutaka, anaweza kukataa, na hakuna atakayejua, hata mimi. Mwambie simuulizi kwa kumdhania. Namuuliza kwa sababu siwezi kumruka."

Sauti ilikuwa ileile ya siku zote. Mikono ndiyo iliyonionyesha. Ilikuwa imekamata pindo la kanga kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo kisimani. Mimi nimewahi kuuza koti la baridi Ruangwa katikati ya joto bila kumeza mate. Hapo nilimeza. Nikayarudia maneno yake yote, moja baada ya lingine, sikupunguza hata moja.

Nilimwona kijana amelitazama dari. Nje watu walikuwa wamelalia upande mmoja wa benchi mpaka benchi likalia. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Amemuuliza. Jamani, amemuuliza," kama anayetangaza kupatwa kwa jua.

"Mwambie mama," kijana akasema mwishowe, "nimesikia."

Tu. Na "nimesikia" siyo ndiyo wala siyo hapana. Ni neno la mtu mzima.

"Mama, amesikia."

"Mwambie ahsante."

Daktari akaingia, akafunga mlango. Sista hakuinuka kwenye kigoda.

Ndipo binti akafika, anahema, unga wa vitumbua mpaka kwenye viwiko. Mtu wa stendi alikuwa amemwambia mume wake amekufa. Mwingine amemwambia hajafa.

"Mama, yuko wapi?"

"Humo. Mzima. Mguu tu."

Binti akashusha pumzi. Kisha akaona kanga, akaona kigoda, akaniona mimi mlangoni, akaelewa. Mji wote ulijua suala lile, na yeye alikuwa ameishi nalo karibu kuliko wote.

"Umemuuliza."

"Nimemuuliza."

"Mama."

"Ndiyo, mwanangu."

Binti alisimama pale. Nilidhani sasa atapiga kelele, na ingekuwa haki yake. Akamtazama mama yake, akalitazama lile benchi lililokuwa limekodoa macho, uso kwa uso, mpaka watu wakaanza kujikuna. Kisha akavua viatu, akaviacha kizingitini pembeni ya kigoda, akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa kidogo, akaingia, ukafungwa.

Tukabaki wawili nje, na viatu. Sista alijua habari za ndani za nusu ya wilaya, na zote alizipokea akiwa upande wa pili wa mlango ule. Sasa alikuwa upande huu, kama mzazi yeyote. Nikajaribu kumsaidia kwa njia pekee ninayoijua.

"Mtani, baadaye naweza kumchokonoa daktari kidogo. Daktari yule namdai shati."

"Thubutu."

"Ni mwanao."

"Nimezaa mtoto," akasema. "Majibu yake sikuyazaa."

Kwenye benchi, yule mtoto akaanza upya kulilia sindano yake, na mtu akamwambia anyamaze kwa ukali ambao haukumhusu mtoto. Nilitaka kuhesabu muda, kwa mazoea, nikajikuta nimeipa saa kisogo.

Mlango ukafunguka. Sista akainamisha kichwa mpaka kanga ikamfunika macho. Alichoweza kuona ni sakafu tu, na miguu. Akanyoosha mkono akavigeuza vile viatu, vidole vikaelekea nje, ili mwanawe avivae bila kuhangaika. Miguu ya binti ikaingia ndani yake. Ikasimama pale muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika kuvaa viatu.

Kazi yangu ni kusoma uso wa mtu kabla hajafungua mdomo. Ndicho ninachokula. Nyuso mbili zilikuwa zinapita mbele yangu, karibu, mchana kweupe, na jibu la mji mzima liko juu yake kwa yeyote anayejua kusoma. Nikageuka nikautazama ukuta. Nikasikia tu wanapita kuelekea wodini, mmoja kwenye machela inayolia magurudumu, mwingine akienda naye sambamba.